Maswali Yenu ya Baiskeli: Kusi, Chumvi na Jezi ya Kijani

Salaam aleikum. Kila Jumapili natoka na wenzangu Nyali hadi Kilifi na kurudi. Kwenda tuko pamoja, hata mbele navuta. Kurudi, tukishapita Kikambala, naachwa peke yangu. Mazoezi nafanya, chakula nakula. Ni miguu, au ni nini? Barua hii naiandika mwezi wa Julai, na mwezi Februari sikuwa na shida hii.
*Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Jibu umelitaja mwenyewe kwa kutaja mwezi. Julai ni msimu wa upepo wa kusi. Barabara ya Kilifi yaelekea kaskazini ikilalia mashariki kidogo, na kusi hutoka kusini-mashariki. Asubuhi wasukumwa mgongoni na ubavu wa kulia, na mtu akisukumwa na upepo hausikii, huona ni nguvu zake. Kurudi upepo uleule uko mbele yako, upande wa kushoto. Kisha upepo wa bahari huamka jua likipanda, kwa hiyo saa 3 mnaporudi ni mkali kuliko ule wa alfajiri.

Piga hesabu. Ukienda kilomita 30 kwa saa na upepo wa kilomita 15 uko mgongoni sawasawa, hewa inayokupiga kifuani ni ya kilomita 15 tu. Ukirudi kwa mwendo huohuo, inakupiga kwa kilomita 45. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi mara 3, ukinzani mara 9. Kusi haikujii sawasawa hivyo, basi tofauti yako ni ndogo kuliko hiyo, ila inatosha kumwacha mtu njiani.

Kule kuvuta kwako wakati wa kwenda hakukuponzi sana, maana upepo ukiwa mgongoni aliye nyuma hapati kinga kubwa. Kurudi ndiko kinga ina thamani, na hapo ndipo wengi hukaa mahali pasipofaa. Upepo ukitoka kushoto mbele, kinga haiko nyuma kabisa ya mwenzako. Iko nyuma yake, kulia kidogo. Waendeshaji wa mashindano hujipanga mshazari kwa sababu hiyo, na barabara ikiwa imefungwa hutumia upana wote wa lami. Sisi tuna matatu na matrela. Kwa hiyo anayevuta wakati wa kurudi akae kushoto, nusu mita kutoka ukingo wa lami, ili wawili au watatu wapate nafasi ya kujipanga kulia kwake bila kuvuka mstari. Akikaa juu ya mstari, wote nyuma yake hula upepo. Wakati wa kwenda ni kinyume: yeye akaribie mstari, wenzake wajilaze kushoto. Mkiwa 12, jigaweni vikundi vya wanne wanne vilivyoachana mita 50. Wa nne ndiye wa mwisho kupata kinga, na gari nalo hupata mahali pa kuingia likiwapita.

Acha nusu mita kati yako na gurudumu la nyuma la aliye mbele yako, na mita nzima kama humjui mtu. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma. Akikwepa shimo ghafla atakugonga, naye hatatikisika. Atakayelala lami ni wewe.

Zamu ya kuvuta dhidi ya upepo iwe dakika 1, na ukichoka sekunde 30. Kosa la kawaida ni mtu kufika mbele na kuongeza mwendo. Angalia mita ya mwendo, shika kasi iliyokuwapo, hata ikishuka kilomita 1 si neno. Ukimaliza, tazama nyuma, toa ishara ya kiwiko, legeza. Halafu sikiliza hapa, maana tunadhani ndipo unapopotelea: usingoje mtu wa mwisho akupite ndipo ukanyage. Anza kukanyaga wa kabla ya mwisho akiwa begani kwako. Ukichelewa sekunde 2 umeachwa mita 5, na kuziba mita 5 upepo ukiwa usoni hugharimu kuliko zamu nzima ya kuvuta.

Na matuta. Wa mbele akishuka tuta hukanyaga papo hapo, wakati wa nyuma bado amebana breki. Kundi la watu 12 lina urefu wa mita 25 au zaidi. Kwa mwendo wa matuta, wa mwisho hufika pale sekunde 4 au 5 baadaye, kisha hulazimika kufukuza. Ikirudiwa tuta baada ya tuta hadi Mtwapa, miguu imekwisha. Waombe wenzako wahesabu hadi 5 baada ya kila tuta kabla ya kurudisha mwendo. Wewe mwenyewe ukaribiapo tuta uwe wa tatu au wa nne, si wa mwisho.

Ondokeni saa 11:30 alfajiri, taa mbele na nyuma. Ni mapema, lakini mtakuwa mmegeuza Kilifi kabla upepo haujashika.

Nakaa Mkomani, ghorofa inayotazama bahari, na baiskeli hulala barazani. Cheni inashika kutu ndani ya wiki. Fundi aliniambia nipake mafuta ya kupikia. Ni sawa?
*Dada wa Mkomani*

Si sawa, dada. Mafuta ya kupikia huganda yakawa kama gundi na kunasa mchanga. Oili chakavu ya gari nayo ina unga wa chuma unaosaga meno ya gia. Na ile dawa ya kopo ya kulegeza skrubu zilizoshika ni nyepesi mno. Huosha mafuta mazuri yaliyomo ndani ya cheni.

Kwanza iingize ndani. Chumvi ya hewani huvuta unyevu usiku kucha, na ukuta mmoja tu husaidia kuliko dawa yoyote. Ukirudi safari, ndoo ya maji matamu, sabuni ya vyombo na sponji. Usitumie mashine ya presha, husukuma maji ndani ya beringi. Kausha kwa kitambaa, iache saa 1. Kisha tone 1 la mafuta ya cheni kwenye kila roli, upande wa ndani wa cheni. Zungusha pedali kinyume mara 20, ngoja dakika 10, ufute nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Kazi ya mafuta iko ndani ya roli. Yanayobaki nje hukusanya vumbi tu.

Pima cheni kwa rula. Toka kitovu cha pini ya 1 hadi pini ya 25 ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikifika 306.3 na baiskeli yako ina gia 11 au 12 nyuma, badilisha. Kwa gia 8 hadi 10 waweza kungoja 307. Ukiipuuza, cheni ndefu hula meno, na badala ya kununua kitu kimoja utanunua vitatu.

Kitu ambacho watu wa pwani husahau ni bomba la kiti. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, likipata jasho na chumvi, hushikana kiasi cha kulikata kwa msumeno. Kila miezi 3 tia alama ya utepe pale lilipoingia, litoe, futa, paka grisi, rudisha. Fremu au bomba likiwa la kaboni usipake grisi. Tumia losheni maalumu ya kaboni yenye chembechembe, ama litateleza. Bolti zilizo juu ya usukani ndizo hudondokewa na jasho: zifute kila safari.

Pancha 3 wiki moja, tairi lilelile la nyuma. Nafanyia mazoezi barabara ya Mariakani.
*Miritini*

Ni waya. Matairi ya matrela yakipasuka huacha nyuzi za chuma nyembamba kama unywele. Hazionekani, na tyubu mpya hutobolewa palepale. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi lote, pole pole; itakaponasa, ng'oa kwa kibanio cha nyusi. Siku zote funga tairi maandishi yake yakielekea valvu, ili tundu la tyubu likuonyeshe mahali pa kutazama. Matundu 2 yaliyokaa sambamba si waya, ni upepo mdogo: kwa tairi la milimita 28 na mtu wa kilo 70, jaza paundi 70 mbele na 75 nyuma. Tundu likiwa upande wa rimu, utepe wa rimu umesogea.

Ramadhani yaja, na baada ya Idi tuna mashindano yetu ya mtaani. Nifanyeje mazoezi? Na je, madafu yatosha kuwa kinywaji?
*Kijana, Majengo*

Kijana wetu, lengo la mwezi huo liwe kutunza ulichonacho. Siku 3 kwa wiki toka saa 11:30 jioni, dakika 45 hadi 60, mwendo ambao waweza kuzungumza sentensi nzima, ufike nyumbani kwenye adhana. Usiende mbali, ukizidiwa na kiu uwe karibu na kwenu. Siku 2 fanya kazi ngumu baada ya tarawehe: dakika 4 kwa nguvu, 3 za kupumzika, mara 4. Basi. Ukipata kizunguzungu, au ukasikia baridi katikati ya joto, shuka hapo hapo.

Fungua kwa tende 3 na maji, kisha mihogo au viazi vitamu na mbaazi, na kati ya chakula na kazi ngumu iwe saa 1 na nusu. Maji lita 2 na nusu yagawanye toka futari hadi daku. Lita nzima uliyoibugia wakati wa daku utaikojoa kabla ya adhuhuri.

Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini jasho hutoa zaidi sodiamu, na hiyo ndani ya dafu ni kidogo. Tia chumvi kidogo. Au changanya mwenyewe: maji mililita 750, sukari vijiko 3 vikubwa, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu nusu. Jipime uzani kabla na baada ya zoezi la usiku: kilo 1 iliyopungua ni lita 1 ya maji unayodaiwa.

Baba yangu anabisha kwamba Biniam Girmay wa Eritrea hakustahili jezi ya kijani ya mbio za Tour de France 2024, kwa kuwa alimaliza saa kadhaa nyuma ya mshindi wa jumla, Pogačar. Nimjibu nini?
*Msomaji, Tudor*

Mwambie mzee, kwa heshima, kwamba jezi ya njano huhesabu muda na ya kijani huhesabu pointi. Mwaka ule mshindi wa hatua (yaani mbio za siku moja) ya tambarare alipata 50, wa pili 30, wa tatu 20, zikishuka hadi mtu wa 15. Mshindi wa hatua ngumu ya milima alipata 20 tu. Milimani Girmay alihitaji kumaliza ndani ya muda uliowekwa, ambao hukokotolewa kwa asilimia ya muda wa mshindi, na wazito wote huunda kundi la nyuma wakisaidiana wasikatwe.

Tarehe 1 Julai 2024 huko Turin alishinda hatua ya 3, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Akaongeza ya 8 na ya 12. Mpinzani wake Jasper Philipsen naye alishinda 3, kwa hiyo jezi iliamuliwa na siku ambazo hawakushinda. Hatua ya 6 Philipsen alivuliwa nafasi ya pili kwa kuacha mstari wake na kumziba Wout van Aert, na Girmay akapanda. Hatua ya 16 Girmay alianguka karibu na mwisho, Philipsen akashinda, lakini akiba ya pointi aliyokuwa nayo Girmay ilitosha hadi mwisho wa mbio huko Nice.

Julai hatua nyingi humalizika kati ya saa 12 na saa 1 jioni kwa saa zetu. Mketishe mzee mapema, aone pia mbio za pointi za katikati ya njia. Kwa mshindi zilikuwa 20, sawa na kushinda mlimani.