Maswali Yenu: Mafuta yakimwagika baharini, tusugue au tuache?

Wiki hii barua nyingi ni za bahari, naona mada ya mafuta kumwagika baharini imewagusa wengi. Zingine zinafanana kwa hiyo nimechagua nne tu, mtanisamehe.

Dada habari za kazi. Niliona picha za zamani za watu wanapiga mawe ya ufukweni kwa pampu za maji moto baada ya meli kumwaga mafuta. Hivi ile kazi inasaidia kweli au ni ya kupigia picha tu?
*Msomaji wa siku nyingi*

Nzuri ndugu yangu. Hizo picha bila shaka ni za Alaska, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba Machi 24, 1989 ikamwaga galoni kama milioni 11 za mafuta ghafi. Watu walikuwa na hasira, kampuni ilikuwa na presha, na kila mtu alitaka kuona kitu kinafanyika, basi ndo wakaletwa maelfu ya wafanyakazi na pampu. Yale maji yalikuwa ya moto wa kutosha kumpika kome kwenye jiwe, na ndivyo ilivyokuwa: wadudu, konokono, mwani, vyote ambavyo mafuta hayakuviua, maji yakaviua. Jiwe linabaki linang'aa lakini halina mtu. Wanasayansi walikuwa wameomba vipande fulani vya ufukwe visiguswe ili walinganishe, na walipolinganisha wakakuta pale paliposuguliwa viumbe wanarudi polepole zaidi kuliko pale palipoachwa na mafuta yake.

Na sio kwamba mafuta yaliisha, maana yale mengine yalikuwa yameshazama chini ya changarawe. Mwaka 2001, miaka 12 baadaye, walichimba mashimo kama 9,000 kwenye zile fukwe. Juu unaona mawe mazuri, makavu, lakini sehemu nyingine ukichimba kina cha mkono tu shimo linaanza kujaa maji yenye utando wa rangi rangi na harufu ile ile ya siku ya kwanza. Fisimaji wanachimba hapo hapo kutafuta kome, kwa hiyo walikuwa wanakula sumu kidogo kidogo miaka na miaka, na ilichukua zaidi ya miaka 20 idadi yao kurudi.

Na wenzao waliotangulia walishakosea hivi hivi. Meli ya Torrey Canyon, 1967, pwani ya Uingereza, walimwaga tani kama 10,000 za sabuni za viwandani kutawanya mafuta, na sabuni za wakati ule zilikuwa kali kuliko mafuta yenyewe. Zikaua wale konokono wanaong'ang'ania mawe na kula mwani, afu mwani ukakosa wa kuula, mawe yakageuka kijani kibichi mtu akipita anadhani bahari imepona kumbe ndo inaumwa. Sehemu ambayo hawakupiga sabuni ilikaa sawa ndani ya miaka michache, zilizopigwa sana zikachukua zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: kuzoa mafuta yakiwa bado yanaelea, kwa mikanda ya kuyazungushia na mashine za kuyafyonza, hiyo inasaidia sana na ni ya kuwahi, masaa yanahesabika. Yakishafika ufukweni inabidi mtu ajiulize mara mbili kabla ya kushika pampu. Kusafisha ni kitu kimoja, kuponya ni kingine.

Shikamoo. Mikoko ikipata mafuta inakufa yote? Na tukipanda mingine si yameisha?
*Mwanafunzi, kidato cha tatu*

Marahaba mwanangu. Inategemea mafuta yamefunika nini. Ile mizizi ya mkoko inayochomoza juu ya tope kama penseli, au inayoning'inia kama miguu ya buibui, ina vitundu vidogo vya kupumulia. Mafuta mazito yakivipaka, mti unakosa hewa chini kule, majani yanageuka njano, yanapukutika, na hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi kwa hiyo mtu anakuja siku ya tatu anasema mbona miti iko kijani.

Tatizo kubwa sasa ni tope. Kaa wanachimba mashimo, mafuta yanashuka kwenye yale mashimo kama kwenye bomba, na kule chini hakuna oksijeni. Wale bakteria wanaokula mafuta (wapo kweli, bahari zote zinao) wanahitaji oksijeni ndo wafanye kazi vizuri. Basi mafuta yanakaa tu, kila mvua kubwa au maji makubwa yanatoka kidogo. Panama yalimwagika mwaka 1986, na walipotaka kupanda upya ikabidi wachimbe mashimo wajaze udongo safi kutoka nchi kavu ndo waweke mche, maana ukiuchomeka kwenye tope lenye mafuta unakufa. Kwa hiyo kupanda inawezekana, ila kupanda mapema ili tupige picha ni kuua miche bure.

Na tafadhali sana, matingatinga hapana. Ufaransa mwaka 1978, meli ya Amoco Cadiz, walikwangua kinamasi cha Île-Grande kuondoa tope lenye mafuta, wakaondoka na mizizi pamoja na ardhi yenyewe. Kinamasi ambacho hakikuguswa kikapona kabla yake.

Ni kweli nywele zinanyonya mafuta? Au ni zile stori za mitandaoni?
*Fundi saluni*

Kweli kabisa, nywele inashika mafuta na wewe unajua kuliko mimi. Mauritius mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipovuja kama tani 1,000, wananchi hawakusubiri mtu, wakashona mikanda ya kuelea kwa majani ya miwa, vitambaa, chupa tupu, na wengine wakanyoa nywele zao. Ila mkanda ukishalowa mafuta ni taka ya sumu, lazima kuwe na mahali pa kuupeleka, na aliyeushika avae glavu na buti. Hapo ndo watu wengi wanasahau.

Wale ndege wanaooshwa kwa sabuni ya vyombo wanapona, au wanafia mbali tusiwaone?
*Mama wa watoto wawili, wanauliza wao*

Waambie wengine wanakufa, tusiwadanganye. Manyoya ya ndege wa baharini ni koti lisilopitisha maji, tone la mafuta likiingia koti limetoboka, baridi inapita, na ndege anajisafisha kwa mdomo anayameza. Hata kuoshwa kwenyewe ni kazi: kwanza anapumzishwa na kupewa maji apate nguvu, afu beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, lingine, lingine, mpaka maji yatoke safi, na suuza inachukua muda maana sabuni ikibaki nayo inatoboa koti.

Lakini wapo wanaopona sana. Afrika Kusini, Juni 2000, meli ya Treasure ilizama karibu na Cape Town, pengwini kama 19,000 wakapakwa mafuta na zaidi ya 9 katika kila 10 walioshwa wakarudi baharini. Ila mi ninachokipenda zaidi ni walichofanya kwa wale wengine karibu 19,500 ambao walikuwa bado wasafi: waliwapakia kwenye malori, wakawapeleka Port Elizabeth, wakawaachia kule. Pengwini wakaanza kuogelea kurudi kwao, mamia ya kilomita, na wakati wako njiani watu wakasafisha visiwa vyao. Wa kwanza wanafika nyumbani, mafuta mengi yameshaondoka.