Kufufua gari la zamani: tazama bodi kabla ya injini
Je, kufufua gari la zamani kunalipa? Kama lengo ni kuliuza, mara nyingi hutarudisha hela yako. Ni nafuu kununua ambalo mwingine ameshalifufua. Kama ni la kukaa nalo, inafaa sana, mradi bodi ni nzima. Injini hufunguliwa, ikatiwa ringi, beringi na gasketi mpya, basi. Kutu ndiyo inayofilisi: hula chesisi na chini ya milango kuanzia ndani, na kukata, kuchomelea na kunyoosha huchukua saa nyingi mno za fundi. Pitisha sumaku, kwenye bodi ya chuma, isiponata kuna puti (rojo la kuzibia mashimo na mibonyeo) chini ya rangi. Dunga chesisi kwa bisibisi, ikizama liache. Kagua pia vioo, taa na urembo wa kromu, maana spea hizo mara nyingi ni adimu kuliko za injini.