Kuchagua Jiko Linalotumia Mkaa na Kuni

Hapa Wete, kisiwani Pemba, nyumba nyingi zina mtungi wa gesi, na nyingi kati ya hizo bado hazijauacha moto wa uani. Sababu zake zinaeleweka: maharage yanayotaka saa nzima na zaidi hula gesi bila ya huruma, mkate wa kumimina hautoki vizuri bila ya makaa chini na juu, na mitungi yenyewe huja kwa chombo, kwa hivyo bahari ikichafuka bei hupanda. Waliokuwapo Unguja tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwani kwa takriban miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa faida ya kuwa na jiko la akiba. Ndipo jamaa na majirani wanaponiuliza kama lipo jiko moja linalofaa kwa mkaa na kwa kuni. Lipo, lakini mengi yanayouzwa kwa sifa hiyo hufanya kazi moja tu kati ya hizo mbili, na si vigumu kulitambua la kweli kabla ya kutoa fedha.

Shida yote imo katika hewa na nafasi. Mkaa huwaka bila ya ndimi kubwa za moto, na joto lake hutoka kwenye makaa yenyewe kwenda moja kwa moja kwenye kitako cha sufuria. Kwa sababu hiyo unataka kukaa karibu na sufuria, juu ya sahani ya matundu, hewa ikipanda kutoka chini. Kuni ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya joto lake imo katika moshi unaotoka kwenye ukuni uliopata moto, na moshi huo hauna budi kupata nafasi na hewa ya kuwaka kabla haujagusa sufuria. Sufuria ikikaa chini mno, ndimi za moto hupozwa kabla hazijamaliza kazi yake, na utakachovuna ni masizi na macho mekundu. Seredani ya kawaida, yaani jiko dogo la mkaa, ukiitia kuni itakuonyesha jambo hili mara moja.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachokitazama ni ile sahani ya matundu. Katika jiko la kweli la aina mbili, sahani hiyo hutoka: unaipandisha karibu na mdomo wa jiko unapotumia mkaa, na unaiondoa au kuiteremsha unapotumia kuni, ili moto upate urefu. Iliyojengewa pale pale haifai, hata muuzaji akikuapia. Kisha ninatazama milango. Mlango wa majivu ni lazima ufungike sawasawa, kwani ndio unaopunguza moto wa mkaa pale wali unapokaribia kukauka na unataka moto mdogo tu, huku makaa mengine yakipaliwa juu ya mfuniko. Mdomo wa kuni nao uwe na kibao cha chuma ndani yake, ukuni ulale juu na hewa ipite chini. Bila ya kibao hicho kuni huziba njia yake zenyewe. Pia ninashauri mtu aende dukani na sufuria anayoitumia kila siku. Aiweke juu ya jiko, aitikise kama anavyosonga ugali, na atazame pengo lililobaki baina ya sufuria na ukingo. Sentimita moja hivi inatosha. Likiwa pana zaidi joto hupita pembeni, na likizibwa kabisa moto hukosa pumzi.

Kuhusu kipi kitumike zaidi, hesabu si ngumu. Kilo moja ya mkaa mzuri hutoa joto linalokaribia mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu, lakini kuupata mkaa huo katika tanuri la kufukia huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Mwenye mikarafuu na minazi yake, anayeokota matawi makavu, vifuu na makumbi, atapata nafuu kwa kuni, ilimradi aziache zikauke, kwa sababu ukuni mbichi huweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Wa mjini anayenunua kila kitu kwa polo, yaani kwa gunia, atategemea mkaa, na alichague jiko lake kwa kuufikiria mkaa kwanza.

Jiko la bati tupu silipendekezi kwa watu wa pwani. Hewa ya chumvi hulila kwa nje, na majivu yaliyoachwa ndani mpaka yakapata unyevu wa masika hulila kwa ndani. Lenye tabaka la udongo wa kuchoma, mfano wa yale majiko ya kauri yaliyoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, huhifadhi joto na huulinda ubavu wa bati usiungue upesi. Ligonge kwa kidole: udongo uliopata ufa hutoa sauti butu.

Jambo moja sitaki lichukuliwe kwa wepesi. Mkaa unaowaka bila ya moshi si salama kwa sababu hauna moshi. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Wapo wanaoingiza seredani chumbani siku za mvua ili kukausha nguo za mtoto, na mlango ukafungwa. Katika nchi za baridi, ambako watu hutia makaa ya mawe na kuni katika majiko ya kupasha nyumba joto, majiko hayo huwa na dohani inayotoa gesi nje. Letu halina dohani, basi mahali pake ni uani au barazani.

Likishafika nyumbani, usilitie moto mkali siku ya kwanza. Washa makaa machache, yaache yafe yenyewe, kesho yake ongeza kidogo, mpaka unyevu uliobaki katika udongo utoke polepole, maharage yatasubiri.