Achana na orodha ya "put off", "put on", "put out"

Dada, umesema umekariri karatasi nzima ya vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, kama "put off", "put on" na "put out", lakini ukifika kwenye mtihani vyote vinakuchanganya. Tatizo ni hiyo karatasi. Vitu vinavyofanana ukivimeza kwa mkupuo lazima vigongane kichwani. Vitawanye. Leo shika "put off", yaani kuahirisha, ndani ya sentensi inayokuhusu: They put off our exam. "Put out", kuzima moto, iache hadi wiki ijayo.

Wala usihangaike kutafuta maana kwa kuunganisha neno na neno. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Tuliyapokea yakiwa mazima. "Give up" nayo ipokee hivyohivyo: kukata tamaa, au kuacha jambo, kama give up smoking.

Panapoangusha wengi, na hapa nakusihi uwe makini sana, ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Turn off the light na turn the light off zote ni sahihi. Ukitumia "it", lazima ikae katikati: turn it off. Turn off it ni kosa. Lakini "look after", kutunza, haitenganishwi: look after her, siyo look her after. Kwa hiyo kila unapoandika kitenzi kipya daftarini, kiandike pamoja na "it" au "her" palepale, kisha kisome kwa sauti.