Magari ya farasi ya Lisbon: uanzie wapi
Ndugu, umeuliza kama makumbusho ya magari ya farasi pale Belém, Lisbon, yanamfaa mtu mwenye saa mbili tu. Yanafaa sana. Ila usihangaike kutazama yote, maana dhahabu nayo hufika mahali ikachosha macho.

Nenda moja kwa moja kwenye yale matatu ya msafara ambao Mfalme João V wa Ureno alimpelekea Papa Klementi XI, Roma, mwaka 1716. Zunguka nyuma ya lile liitwalo la Bahari: kuna sanamu mbili, Atlantiki na Hindi, zinapeana mikono. Majivuno hayo, sisi wa pwani tunajua! Waomani walikuwa wameshamnyang'anya Mreno Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu 1698.

Kisha tafuta gari la wazi ambamo Mfalme Carlos I na mwanawe Luís Filipe walipigwa risasi, Februari 1908. Matundu bado yanaonekana.

Sehemu kubwa ya magari iko jengo jipya la 2015, si ule ukumbi wa zamani wa kufundishia farasi ambako Malkia Amélia aliyaanzisha makumbusho haya mwaka 1905. Kabla ya kulipa, uliza tiketi ni ya jengo lipi.