Mnauliza, Tunajibu: Kupanga Nyumba na Kuishi Mtaani China

Ndugu Mhariri, nimepata chumba kwenye xiaoqu moja hapa Guangzhou, yaani makazi ya maghorofa yenye uzio na geti. Kodi ni nafuu mno. Tatizo ni moja: mwenye nyumba hataki niende polisi kujiandikisha. Anasema wapangaji wake wote wanaishi hivyohivyo bila shida. Nilipe?
*Msomaji, Guangzhou*

Usitoe hata yuan moja mpaka jambo hilo limalizike. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inamtaka mgeni anayelala nje ya hoteli ajiandikishe kituo cha polisi cha eneo lake ndani ya saa 24. Hotelini mapokezi wanakumalizia kazi hiyo wanaponakili pasipoti. Kwenye nyumba ya kupanga, au hata ukilala sebuleni kwa rafiki, kazi ni yako na ya mwenyeji wako. Ukikiuka utaonywa, na faini yaweza kufika yuan 2,000.

Faini yenyewe ndiyo hasara ndogo. Karatasi unayopewa kituoni itadaiwa utakapoomba kibali cha ukaazi, na mwenye viza ya masomo ya muda mrefu au ya kazi ana siku 30 tu za kukiomba tangu aingie nchini. Siku hizo hazisubiri mwenye nyumba abadili mawazo.

Kwa nini akatae? Mara nyingi ni ama hataki mapato ya pango yajulikane kwa watu wa kodi, ama nyumba si yake: amepanga fleti nzima, akaikata vyumba, naye anavipangisha. Huyu wa pili ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu mwenye mali halisi akitokea, wewe huna mkataba naye. Kumpima si kazi. Mwombe nakala ya hati ya umiliki, ambayo kwa kawaida ina jalada jekundu, na nakala ya kitambulisho chake. Jina liwe moja kwenye hati, kwenye kitambulisho na kwenye mkataba. Akianza kuzungusha maneno, tafuta chumba kingine.

Kituoni nenda na pasipoti, mkataba, nakala hizo mbili na namba ya simu ya mwenye nyumba. Hulipi chochote. Baadhi ya miji, Shanghai ukiwemo, inaruhusu kujiandikisha mtandaoni. Rudia kila unapohama, unapobadilisha viza au kibali, na unapopata pasipoti mpya. Ukitoka nje ya China na kurudi, vituo havifanani. Uliza cha kwako, au piga 12367, simu ya idara ya uhamiaji inayopokewa saa 24 kwa Kichina na Kiingereza.

Tena usidanganywe na kodi ya mwezi iliyoandikwa kwenye tangazo. Utaratibu uliozoeleka ni amana ya mwezi mmoja pamoja na kodi ya miezi 3 mbele. Siku ya kwanza, basi, unatoa fedha ya miezi 4, mbali na ujira wa dalali. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha mita za umeme, maji na gesi, pamoja na kila ufa na kila doa, kisha mtumie mwenye nyumba picha hizo papo hapo ili tarehe ibaki. Mkataba useme pia nani analipa ada ya wuye, ofisi inayosimamia ulinzi, lifti na usafi wa makazi. Isipoandikwa, mtakuja kuigombania.

Shikamooni wahariri. Akaunti ya benki ninayo na laini ya simu ninayo, lakini WeChat, programu ya simu ya ujumbe na malipo, inakataa kuunganisha kadi. Kila mara inasema taarifa hazilingani, na mimi naandika jina langu vilevile.
*Mwanafunzi, Wuhan*

Marahaba. Unaandika vilevile, ila benki haikuandika hivyo. Mfumo unalinganisha vitu vinne: jina, namba ya pasipoti, namba ya kadi, na namba ya simu uliyoiacha benki. Herufi au nafasi moja ikizidi, umekwama. Sisi wenye majina matatu ndio tunaoumia zaidi: karani mmoja anatanguliza jina la ukoo, mwingine analiweka mwisho, wa tatu anaunganisha yote bila nafasi.

Nenda benki na pasipoti, uombe wakuonyeshe au wakuchapie jina kama lilivyo kwenye mfumo wao. Piga picha. Andika hivyohivyo kwenye WeChat, herufi kubwa kwa kubwa, nafasi kwa nafasi. Hakikisha pia laini imesajiliwa kwa pasipoti yako na si kwa kitambulisho cha rafiki aliyekusaidia siku ya kwanza. Kosa hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Ukibadilisha pasipoti, tengeneza kwanza kibali cha ukaazi (sheria inakupa siku 10 kuripoti mabadiliko), ndipo kampuni ya simu, kisha benki, WeChat mwisho. Pasipoti ya zamani beba nayo kila mahali, maana namba iliyo kwenye mifumo ni ya ile. Wakati unahangaika unaweza kuunganisha kadi ya benki ya nje: malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa mboga sawa, kwa kodi ya nyumba hapana.

Hapa Shanghai kuna bibi wa kujitolea anayesimama kwenye mapipa. Kila jioni ananirudishia mfuko wangu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Shanghai*

Yaelekea unatupa taka mbichi, yaani mabaki ya chakula, pamoja na mfuko wake. Tangu Julai 1, 2019 taka za Shanghai ni za makundi manne: mbichi (pipa la kahawia), kavu (jeusi), za kurejelezwa (la bluu) na za hatari (jekundu). Taka mbichi huozeshwa zitoe gesi au mbolea, na plastiki huharibu kazi hiyo. Kwa hiyo: chuja maji jikoni, fungua mfuko juu ya pipa la kahawia, mwaga, kisha mfuko mtupu utie kwenye jeusi. Mapipa mengi hufunguliwa asubuhi na jioni tu.

Yanayowachanganya watu: mifupa minene ya ng'ombe au nguruwe ni taka kavu, kwa kuwa haiozi upesi na huumiza mashine, lakini miiba ya samaki na maganda ya kamba ni mbichi. Kifuu cha nazi ni kavu. Tishu iliyolowa ni kavu, nepi nayo ni kavu ingawa imelowa chapachapa. Usitafute mantiki ya unyevu hapo, tazama kama kitu kinaoza. Betri za kawaida ni kavu, zile za kuchaji na za vidonge (bapa za mviringo, kama za saa) ni za hatari. Mtu binafsi asiyetenganisha anaweza kupigwa faini ya yuan 50 hadi 200. Na huyo bibi muite *ayi*, yaani shangazi, umsalimie kwanza. Atakuonyesha mwenyewe.

Jiko limezima ghafla na kadi ya gesi bado ina salio. Nimeipeleka kuongeza, bado halijawaka.
*Msomaji, Xi'an*

Tazama betri za mita kabla ya yote. Zikiisha, valvu hujifunga yenyewe hata kama salio lipo. Mara nyingi ni nne za AA, chini ya kifuniko kidogo. Weka mpya za alkalini, zote kwa mpigo. Kisha chomeka kadi kwa upande unaoonyeshwa na mshale, subiri namba mpya ya salio itokee, ndipo uitoe. Ukiichomoa mapema, gesi uliyonunua haihamii kwenye mita. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote: funga valvu, fungua madirisha, toka nje ndipo upige simu.

Mlinzi amenizuia kuingiza pikipiki ya umeme kwenye lifti. Nataka tu kuichaji ndani kwangu. Ana haki?
*Mfanyabiashara, Yiwu*

Anayo. Betri ya aina hiyo ikilipuka ndani ya lifti, aliyemo hana pa kukimbilia, na moto wa korido huziba ngazi ambayo kila mtu anaitegemea. Kupandisha betri peke yake baada ya kuichomoa si suluhisho: hatari ni betri yenyewe. Waulize wuye zilipo sehemu za kuchajia. Kwa kawaida ziko chini karibu na maegesho, unachanganua msimbo kwa simu na kulipia. Tumia chaja iliyokuja na pikipiki, na usiiache usiku kucha.

Ukielekezwa ofisi ya wuye "ghorofa ya 1", usipande: China huanza kuhesabu chini kabisa, usawa wa barabara.