Jibu: Fonti ya kampuni ijaribiwe kwenye risiti kabla ya nembo

Ndugu, umeeleza kwamba uongozi wenu umegawanyika kati ya fonti, yaani mitindo ya herufi, mbili za nembo mpya, moja nyembamba na nyingine nene kidogo, na unauliza ipi ni ya kisasa zaidi. Mimi ningeiweka nembo kando kwanza. Nembo ni maneno mawili matatu ambayo mbunifu anaweza kuyachonga herufi kwa herufi; fonti inayoibeba kampuni kila siku ni ile ya ankara, orodha ya bei, ubavu wa gari na skrini ya simu.

Angalia yaliyoipata IKEA, kampuni ya samani. Mwaka 2009 iliachana na fonti ya Futura, iliyoitumia kwa miongo kadhaa, ikachukua Verdana ili katalogi na tovuti zifanane katika nchi zote. Nia ilikuwa njema, ila Verdana, iliyochorwa na mbunifu wa herufi Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft na kutolewa mwaka 1996, ilikusudiwa skrini za wakati ule: herufi zake ni pana na zimeachiana nafasi ili zisomeke zikiwa ndogo, na upana huohuo ukikuzwa kwenye bango huonekana umezubaa. Wabunifu walilalamika sana, na miaka kumi baadaye IKEA ikahamia Noto, fonti ya Google.

Katika kazi yangu ya kuandaa mwonekano rasmi wa kampuni, huchapa kwanza I kubwa, l ndogo, 1, O na 0 kwa ukubwa wa risiti, kwa sababu mteja anayenakili namba ya malipo hana muda wa kubahatisha. Kisha huandika "ng'ombe". Zipo fonti ambazo kialama cha juu cha ng' kimeachiwa nafasi kubwa mno. Nimewahi kuona kibao cha duka la maziwa ambacho, ukiwa ng'ambo ya barabara, kilisomeka "ng ombe".

Kuhusu gharama, fonti za kununua mara nyingi hutoza leseni mbalimbali kwa kompyuta, tovuti na programu ya simu, jambo ambalo wahasibu huligundua wakiwa wamechelewa. Kampuni ya kompyuta ya IBM yenyewe iliiacha fonti ya Helvetica Neue na mwaka 2017 ikatoa fonti yake, IBM Plex, kwa leseni huria, ambayo hata ninyi mnaweza kuitumia kibiashara bila malipo. I yake kubwa ina vikono juu na chini, hivyo haichanganywi na l.

Kati ya zenu mbili, ile nyembamba itafifia kwenye printa ya risiti. Ningechukua ile nene, mradi leseni yake iruhusu pia tovuti.